Maneno ya Mjengo: Yajue Kabla Fundi Hajafungua Mfuko wa Kwanza wa Simiti

Mama mmoja kutoka upande wa Nyamasaria alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi wake alikuwa ameandika kwa penseli: "Vyuma 12 – 20." Mama akaniambia, "Nyathina, nipe vyuma kumi na viwili vya ishirini." Nikamwomba ampigie fundi simu kwanza. Kumbe fundi alitaka vyuma 20 vya unene wa milimita 12. Ningemuuzia kama alivyosoma, angeondoka na vyuma 12 vya milimita 20, kilo 355 hivi, wakati nyumba yake ilihitaji kilo 213. Chuma bei yake inafuata uzito. Angelipia kilo 140 na ushei ambazo hana kazi nazo, na vyuma vyenyewe visingetosha idadi.

Nimeuza vifaa vya ujenzi hapa Kondele, Kisumu, kwa miaka 11. Wateja wanaoniumiza moyo ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa soko la Kibuye, watu waliokopa sako wakajenga kwa jasho lao, na ambao hawajui maneno manne yaliyo kwenye karatasi waliyobeba. Neno la mjengo si jina tu. Kila neno lina kipimo chake: inchi, kilo, geji, futi au siku. Ukipewa neno bila kipimo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitafuata nyumba inavyopanda, kutoka udongoni hadi mabati, na kila neno nitakupa pamoja na kipimo cha kuulizia.

Hatua ya 1: Soma karatasi kabla ya kununua chochote

Ramani, au plani kama wengi wanavyoiita, si moja. Kuna ya akitekcha, inayoonyesha vyumba, milango, madirisha na sura ya paa. Kuna ya injinia wa stracha, inayoonyesha unene wa futingi (ukanda wa zege wa msingi), vyuma vya kolamu (nguzo) na bimu (mihimili), na nafasi kati ya chuma na chuma. Watu wengi huja na ile ya kwanza peke yake, kisha fundi anabuni ya pili kichwani. Omba zote mbili. Serikali ya kaunti ndiyo inayoidhinisha ramani, na mjengo wenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile inayojulikana kwa herufi NCA.

BQ ni orodha ya kila kitu nyumba itakachokula: mifuko mingapi, tani ngapi, futi ngapi za mbao. Anayeitayarisha ni QS, yaani mkadiriaji majenzi. Usiichukue kama karatasi ya benki tu. Beba nakala yake kila unapoenda dukani, na fundi akiagiza mifuko 40 mahali BQ inasema 28, muulize iliyozidi inaenda wapi. Huenda ana sababu nzuri. Ila akueleze.

Halafu kuna aina ya makubaliano. Ukisikia "leba peke yake", wewe unanunua vifaa na yeye analeta mikono. "Ful kandarasi" ni yeye kununua na kujenga, wewe kupokea ufunguo. "Kibarua" ni malipo ya siku. Mwashi ndiye anayepanga mawe. Mtu wa mkono ndiye anayekoroga na kubeba. Elewaneni mapema nani anamlipa mtu wa mkono, maana ugomvi mwingi wa Jumamosi jioni unaanzia hapo.

Hatua ya 2: Bikoni, kamba na skweya

Bikoni ni alama za mpaka alizosimika sava, yaani mpima ardhi. Usiruhusu mtaro uchimbwe kabla hujaziona zote nne kwa macho. Ploti ya "hamsini kwa mia" ni futi 50 kwa futi 100, yaani futi mraba 5,000. Wauzaji huiita robo ya nusu eka, lakini sehemu ya nane ya eka ni futi mraba 5,445. Ukubwa halisi uko kwenye hati.

Profaili ni vigingi na mbao zinazowekwa nje ya pembe za nyumba ili kamba ifungwe juu yake. "Kuseti" nyumba ni kuzihamisha kuta za ramani ziwe kamba juu ya ardhi. Hapo sikiliza neno skweya, yaani pembe mraba. Pembe ikiwa si skweya, vigae vya sakafu vitakatwa pembeni kama vipande vya keki na paa litavutika upande mmoja. Kulikagua hakuhitaji elimu kubwa: kutoka kwenye pembe pima futi 6 kwenye kamba moja, tia alama, pima futi 8 kwenye kamba ya pili, tia alama, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Lazima iwe futi 10 kamili. Mwishowe pima ulalo wa nyumba nzima, kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili. Zikilingana, nyumba imekaa. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika ukishika futi kamba. Atakushikia upande wa pili.

Hatua ya 3: Chini ya ardhi, ambako pesa haionekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba ya mama yangu iliharibikia hapa.

Ilikuwa uwanda wa Kano, si mbali na Ahero, kabla sijaanza kazi hii. Udongo wa kule ni ule mweusi unaonata kwenye gambuti, ambao mafundi wanauita blaki koton. Udongo huo hufura ukinywa maji na kunywea ukikauka. Fundi wetu alituambia, "Tumeshatoa udongo, sasa tunaweka hadikoo." Sisi tukaitikia. Hakuna aliyeuliza ametoa udongo hadi wapi. Alikuwa ametoa futi moja na nusu, na chini yake weusi ulikuwa bado unaendelea. Januari ya kwanza baada ya kuhamia, penseli iliingia yote kwenye ufa chini ya dirisha la jikoni. Mei, mvua ndefu zikiwa zimekolea, ufa ukajifunga na mlango wa jikoni ukakataa kufungika. Mama alikuwa akiuegemeza jiwe la kusagia usiku. Mwaka baada ya mwaka ni hivyo hivyo: kiangazi ufa, masika mlango.

Kwa hiyo jua maneno haya ya chini vizuri kuliko yote.

Topsoli ni udongo wa juu wenye mizizi, huondolewa wote. Mtaro, au trenchi, ni shimo refu la msingi. Kina chake hakipimwi kwa namba tu, kinapimwa kwa kile kilicho chini: lazima ufike udongo mgumu. Ingia mtaroni wewe mwenyewe, piga chini kwa mtaimbo. Ukizama kwa urahisi, bado. Kwenye blaki koton, utauchimba wote hadi uuone mwisho wake, na ukienda mbali sana, injinia atakuchorea rafti, yaani bamba moja zito la zege (slabu) lenye vyuma linalobeba nyumba yote kama mtumbwi. Rafti ni ghali. Lakini niliyoyaona Ahero ni ghali zaidi.

Si kila mahali ni kama Kano. Ukipanda Riat au ukielekea Maseno, tatizo ni mwamba: sururu inaruka, na utasikia neno "kuvunja mawe", ambalo lina bei yake tofauti na "kuchimba". Nakuru nako sehemu nyingi ni majivu ya volkano, mepesi, na kuna mitaa ambako ardhi imewahi kupasuka au kutitia baada ya mvua kubwa. Ndiyo maana msingi wa shemeji yako wa Nakuru hauwezi kunakiliwa ukaletwa Kisumu.

Blaindingi ni tabaka jembamba la zege dhaifu, kama milimita 50, linalomwagwa chini ya mtaro ili vyuma visilale juu ya tope. Juu yake ndipo futingi, au stripu, ukanda wa zege unaobeba ukuta. Kwa nyumba ya kawaida ya chini isiyo ghorofa, mara nyingi utaona upana wa milimita 600 na unene wa 200, ila ramani ya injinia ndiyo inayosema. Ukuta unaopanda kutoka futingi hadi usawa wa sakafu ni ukuta wa msingi, ambao mafundi wanauita faundesheni wolingi.

Ndani ya ukuta huo hujazwa hadikoo, mawe makubwa yaliyovunjwa, kwa kawaida unene wa milimita 300, yakishindiliwa kwa tabaka. Neno la kushika ni kushindilia. Hadikoo iliyomwagwa bila kushindiliwa itashuka baada ya wewe kuhamia, na sakafu itashuka nayo. Juu ya mawe huja maramu ya kuziba mianya na kusawazisha, kisha dawa ya mchwa, kisha polithini, kisha wavu wa chuma wa BRC, kisha zege la slabu.

Polithini ni ile nailoni nyeusi inayozuia unyevu kupanda. Omba geji 1000. Na hapa kuna mtego ambao umewapata wengi: kwa polithini, namba ya geji ikiwa kubwa, kitu ni kinene, kwa mabati ni kinyume, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 1000 ni nene mara mbili ya geji 500.

BRC husemwa kwa namba vilevile. A98 ina nyaya za milimita 5, A142 za milimita 6, zote zikiwa na nafasi ya milimita 200. Wavu huo usilale juu ya polithini. Uinuliwe kwa biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya chuma. Ukisikia fundi akisema "kova", anamaanisha unene wa zege linalofunika chuma pande zote. Bila biskuti hakuna kova, na bila kova kutu itaanza kula chuma polepole.

Neno la mwisho hapa ni levo ya sakafu. Milimita 150 juu ya ardhi ndicho kiwango cha chini, lakini kwenye uwanda wa Kano, ambako mto Nyando hufurika, waulize majirani maji yalifika wapi ukutani, kisha panda juu ya alama hiyo.

Hatua ya 4: Zege, na namna ya kulipima kwa debe

Vitabuni tuliandika saruji. Dukani ukisema saruji nitakuelewa, lakini mjengoni ni simiti. Mfuko ni kilo 50. Ile namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa juu si uzito. Ni nguvu ya simiti baada ya siku 28. 32.5 inafaa kujengea ukuta na kupiga plasta. 42.5 ni ya kolamu, bimu na slabu. Watu hununua 42.5 kwa kila kitu wakidhani wanajikinga, halafu plasta inawapasukia.

Kokoto tunaziita balasti. Mchanganyiko huitwa resho, na husomwa simiti kwanza, mchanga pili, balasti tatu. 1:2:4 ni ya slabu na bimu za kawaida. 1:3:6 ni ya blaindingi. Moota ya kujengea haina balasti: 1:3 au 1:4. Sasa, moja ya nini? Hapo ndipo watu huibiwa bila mwizi kuwepo. Fundi anasema "moja kwa mbili kwa nne" huku mtu wa mkono akihesabu beleshi, na beleshi ya asubuhi si beleshi ya saa kumi jioni.

Mfuko mmoja wa simiti una ujazo wa lita 35 hivi. Debe ni lita 20. Kwa hiyo kwa 1:2:4, mfuko mmoja unataka madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe saba ya balasti. Ukitumia wilbaro ya kawaida ya lita 65, ni wilbaro moja ya mchanga na mbili za balasti, zikiwa zimesawazishwa juu kwa ubao, si mlima. Maji ni kama lita 25 kwa mfuko, na yapunguzwe mchanga ukiwa umenyeshewa. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, na ndiyo sababu vibarua wanalipenda, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu.

Mchanga uupime kabla lori halijainua bodi. Chukua chupa ya maji iliyo wazi, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache ikae saa chache. Mchanga utashuka chini na tope litakaa juu kama malai. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope likazidi sentimita 1, usimwagiwe. Kuna siku mteja alileta chupa yake hadi kaunta yangu, akaisimamisha kando ya mizani. Kufikia saa nane tope lilikuwa limefika unene wa vidole viwili. Alikuwa ameshalipia lori zima.

Na lori lenyewe: "tani saba" ni neno tu hadi upime bodi. Pima urefu, upana na kina cha mchanga kwa mita, zidisha, kisha zidisha tena kwa 1.6, ambao ni uzito wa tani wa mita moja ya ujazo ya mchanga kwa makadirio. Bodi ya mita 3 kwa 2, mchanga ukiwa na kina cha sentimita 60, ni tani 5.8. Si saba.

Kyuringi ni kumwagilia zege maji lisikauke haraka. Siku 7 kwa uchache, asubuhi na jioni, na kwa jua la Kisumu la mchana funika kwa magunia mabichi. Kazi hii haina fundi wala bei, ndiyo maana husahaulika. Mpe mtu jina na mpira wa maji.

Hatua ya 5: Vyuma

D12 ni chuma chenye mikunjo, unene wa milimita 12. R8 ni chuma laini, milimita 8. Herufi inaeleza aina, namba inaeleza unene, na idadi ya vipande huandikwa kando. Urefu wa kawaida ni mita 12, yaani futi 40 hivi. Hukunjwa katikati ili kibebeke.

Chuma chembamba huuzwa kikiitwa kinene. Jicho halioni tofauti kati ya milimita 12 na 11, ila mizani inaona. Chuma kamili cha D12 kina kilo 10.6, D10 kina kilo 7.4, D8 kina kilo 4.7, D16 kina kilo 19 pungufu kidogo. Mimi nina mizani ya kuning'iniza mlangoni na sichoki kuombwa. Dukani ukinyimwa mizani, pima kipenyo kwa kalipa ya fundi makanika, au nenda duka lingine. Tofauti ndogo ya gramu ni kawaida ya kiwanda. Kilo moja na nusu kwenye D12 si kawaida.

Ringi ni vile vipete vya mraba vinavyozunguka vyuma vinne vya kolamu au bimu, mara nyingi kila milimita 200. Hufungwa kwa baindingi waya. Stata ni vyuma vinavyoachwa vikichungulia kwenye futingi ili kolamu iungane navyo. Na neno lapu, usiliache likupite: chuma kikiisha, kingine hulazwa kando yake na kufungwa, na sehemu waliyolala pamoja ndiyo lapu. Kanuni ya kawaida ni mara 50 ya unene. Kwa D12 ni milimita 600, futi mbili. Nimeona lapu ya shubiri moja. Injinia akiikuta hiyo, zege litavunjwa, na utalipia wewe.

Fomuwaki ni mbao zinazoshika zege bichi hadi likauke. Propu ni miti inayozibeba.

Hatua ya 6: Ukuta

DPC ni utepe mweusi wa lami unaolazwa juu ya ukuta wa msingi kabla ukuta wa nyumba kuanza. Kazi yake ni kuzuia maji ya ardhini yasipande. Usikubali karatasi ya polithini iliyobaki ikatwe vipande ikaitwa DPC.

Mawe huuzwa kwa futi. "Tisa kwa tisa" na "sita kwa tisa" ni inchi za upana na urefu. Ya mashine yamenyooka na hula moota kidogo. Ya kuchongwa kwa mkono ni rahisi kununua lakini hula simiti zaidi, kwa hiyo linganisha bei baada ya kuhesabu mifuko. Kakamega, Bungoma na Vihiga wengi hujenga kwa matofali ya kuchoma. Gonga mawili pamoja: yakilia kama kengele yameiva, yakilia kama kisigino kwenye tope hayakuiva. Yaloweshwe kabla ya kupangwa, la sivyo yatainyonya moota maji yake.

Kozi ni mstari mmoja wa mawe. Hupu aini ni utepe wa chuma unaolazwa ndani ya moota, kwa desturi kila kozi ya pili. Hesabu kozi zako mwenyewe ukipita jioni, maana zikishafunikwa huwezi kujua. Bondi ni namna mawe yanavyopishana, kiungo cha juu kisiwe sawa na cha chini. Timazi, ile kamba yenye uzito chini, inasema kama ukuta umesimama wima. Pima maji inasema kama umelala sawa. Nunua timazi yako. Ni bei ya chakula cha mchana, na ukuta hauwezi kubishana nayo.

Linta ni bimu juu ya mlango au dirisha, na iingie ukutani angalau milimita 150 kila upande. Ringi bimu huzunguka nyumba yote kwa juu na kuifunga kama mkanda. Kwa nyumba nyingi hizi mbili huunganishwa kuwa moja, kwenye kimo cha futi saba kutoka sakafuni. Ukiambiwa "tumeweka linta, ringi bimu si lazima", rudi kwenye ramani.

Hatua ya 7: Paa

Mababu wa Pwani walikuwa na boriti na makombamoyo, maneno mazuri ambayo sijawahi kuyasikia kwenye mjengo wa huku. Huku ni hivi. Wolpleti ni ubao unaolala juu ya ringi bimu, wa inchi 4 kwa 2, na lazima ufungwe kwa chuma kilichoachwa ndani ya zege, si msumari peke yake. Upepo wa jioni unaotangulia mvua ya ziwa hauna huruma na paa lisilofungwa. Trasi ni ile pembetatu ya mbao. Rafta ni ubao wake unaoteremka. Paalini ni mbao zinazolala kukingama juu ya rafta ili bati lipigiliwe. Fesha ni ubao wa ukingoni unaoshika gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Mbao huuzwa kwa futi. Saiprasi ni nyepesi na hukaa sawa. Bluugamu ni ngumu lakini hujipinda ikikatwa mbichi. Shika ubao kwa kiganja. Ukihisi ubaridi wa maji ndani yake, haujakauka.

Mabati: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Rangi haikuelezi chochote, maana hata 32 hupakwa rangi. Namba ya geji huchapishwa kwenye bati lenyewe. Isome hapo, si kwenye risiti. Uliza pia upana wa kufunika, si upana wa bati, kwa sababu kila bati hulalia jirani yake na sehemu hiyo hupotea. Ridji ni kofia ya mgongoni. Vali ni mfereji mahali paa mbili zinakutana, na ndiko kwanza kunakovuja.

Hatua ya 8: Ndani, kwa haraka

Waya wa taa ni milimita mraba 1.5, wa soketi 2.5. Kondiuti ni paipu ya waya, na huzikwa kabla ya plasta. Athi ni waya unaoshuka hadi fito lililopigiliwa ardhini. Kwa sisi wa Kakamega, Kisii na kando ya ziwa, ambako radi hupiga mara kwa mara, usiikwepe. Paipu za maji: nusu, robo tatu, inchi moja, ni kipenyo. PPR ya maji ya moto na baridi, PVC ya maji taka. Plasta ni 1:4, unene wa milimita 12 hadi 15. Skridi ni tabaka la kusawazisha sakafu kabla ya vigae. Skimu ni ule upako mweupe laini unaotangulia rangi.

Ritensheni ni asilimia ya malipo, tano au kumi, unayobaki nayo kwa muda, kwa kawaida miezi sita, ili kasoro zitakazojitokeza zirekebishwe. Iandikwe kwenye makubaliano siku ya kwanza. Huwezi kuianzisha siku ya mwisho fundi akiwa ameshapakia vifaa kwenye bodaboda. Veriesheni ni badiliko lolote nje ya ramani, hata dirisha moja: bei iandikwe kabla ya nyundo.

Hatua ya 9: Andika orodha ya dukani hivi

Kitu, aina, kipimo, kisha idadi kwa neno lake. Mfano: "Chuma D12, mita 12, vipande 20. Simiti 42.5, kilo 50, mifuko 15. Polithini geji 1000, roli 1. Mabati geji 28, mita 3, vipande 36." Usiruhusu kistari kifanye kazi ya neno. Fundi aandike, wewe usome kwa sauti mbele yake, kisha upige picha kabla ya kupanda matatu.

Nunua kwa hatua unayoijenga wiki hiyo. Mabati, misumari na paipu ambazo hazijakatwa, duka nyingi zitapokea ukizirudisha na risiti. Simiti haipokelewi popote ikishalala kwako. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Ukibonyeza mfuko ukakuta uvimbe usiovunjika kwa vidole, huo usiende kwenye kolamu.

Yule mama wa Nyamasaria siku hizi huandika mwenyewe. Karatasi yake ya mwisho ilikuwa ya gata: mita ngapi, inchi ngapi, vishikio vingapi, na chini kabisa ameandika, "Nitapima kabla ya kulipa."